Sweta Lisilo na Nembo na Kipindi cha Kwanza: Jibu kwa Mama wa Mtoto wa Darasa la Nne

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Mbagala. Binti yangu yuko kidato cha kwanza na mdogo wake wa kiume yuko darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali. Mwezi uliopita huyu mdogo alirudishwa nyumbani mara tatu: mara mbili kwa sababu sweta lake halina nembo ya shule, na mara moja kwa sababu alivaa raba badala ya viatu vyeusi. Sweta lenye nembo linauzwa shilingi 18,000 kwa fundi aliyetajwa na shule, nami hili lisilo na nembo nililinunua Kariakoo kwa 9,000. Matokeo yake ya muhula yameshuka sana, na nimegundua kwamba bado anasoma kwa kudonoadonoa herufi. Mimi ni mama lishe; natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja na nusu usiku. Niliishia darasa la saba, na hesabu zao za siku hizi sizielewi. Baba yake anasema tukope tumhamishie shule ya Kiingereza. Jirani ananishauri tuisheni ya shilingi 500 kwa siku. Je, shule ina haki ya kumrudisha mtoto kwa ajili ya sweta? Na mtu kama mimi nimsaidieje mtoto kusoma nyumbani?"*

Marahaba, mama. Umeuliza mambo mawili, sare na masomo, na katikati yake umetaja jambo la tatu kwa maneno machache tu, kwamba mtoto anasoma kwa kudonoadonoa herufi. Nitaanza na sare kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi kwa sasa, kisha nitakaa kwa kirefu kwenye hilo la tatu, kwa sababu miaka niliyofundisha madarasa ya chini imenionyesha kwamba mtoto wa darasa la nne asiyesoma kwa mtiririko hushuka katika kila somo, na mara nyingi wazazi huona matokeo yakishuka bila kuona mahali yanakoshukia.

Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, shule za serikali hazitozi ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Wazazi wengi waliposikia "bila malipo" walielewa kwamba mfuko wao umepumzika kabisa, na hapo ndipo ugomvi wa getini ulipozaliwa. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulifafanua nani anabeba nini, na katika mgawanyo huo sare za shule, madaftari na kalamu, chakula cha mwanafunzi wa kutwa na matibabu yake vilibaki mikononi mwa mzazi. Kwa hiyo mwalimu anapokuuliza habari ya sare, hakudai mchango uliokatazwa. Anakukumbusha jambo ambalo kwa utaratibu ni lako. Nalisema hili mapema ili ukienda shuleni usiende na hasira ambayo haitakusaidia.

Kudai sare, hata hivyo, ni jambo moja, na kumtoa mtoto darasani ni jambo jingine. Viongozi wa serikali wamekuwa wakiwaagiza walimu wakuu, hasa shule zinapofunguliwa Januari, wawapokee watoto hata kama sare zao hazijakamilika, na wazazi waendelee kukamilisha watoto wakiwa darasani. Agizo hilo lina mantiki ambayo kila mwalimu anaifahamu: mtoto wa miaka kumi hana kipato, hivyo adhabu ya kumrudisha inamwangukia mtu ambaye hakutenda kosa na hawezi kulirekebisha. Ikitokea pia kwamba mtoto anachapwa kwa ajili ya sare, ujue kwamba kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinairuhusu kwa utovu mkubwa wa nidhamu tu, itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika kitabu maalumu. Umaskini wa mzazi hauwezi kuitwa utovu wa nidhamu wa mtoto.

Nenda shuleni mwenyewe, mama, hata kama itabidi mtu akushikie mezani saa mbili za asubuhi. Usimtume mtoto na karatasi, wala usimtume binti yako. Anza na mwalimu wa darasa, si mwalimu mkuu, kwa kuwa mwalimu wa darasa ndiye atakayekuwa na mtoto kesho na keshokutwa, na akiona umemruka ataingia katika jambo hili akiwa amenuna. Mwambie mambo matatu: kwamba unakubali wajibu wako wa sare, kwamba viatu vyeusi utavileta kufikia tarehe fulani, nawe utaje tarehe unayoweza kuitimiza kweli, na kwamba unaomba kuuziwa nembo peke yake ili uishone kwenye sweta ulilo nalo. Ombi hili la mwisho ndilo muhimu, kwa sababu nembo ni kipande cha kitambaa ambacho fundi yeyote wa cherehani mtaani kwako ataweza kukishona kwa dakika chache, na sioni sababu yoyote ya kielimu ya kukulazimisha ununue sweta la pili wakati rangi ya lile la kwanza inafanana. Wakikataa, muulize kwa utulivu ni uamuzi wa kikao gani. Sheria ndogo za shule hupitia kwenye kamati ya shule, na kamati ya shule ina wawakilishi wa wazazi, kwa hiyo jambo hili linaweza kuletwa kwenye kikao cha wazazi nawe ukakuta wenzako ishirini walikuwa wakinung'unika kimya kimya. Likishindikana hapo, lipeleke kwa mwalimu mkuu, kisha kwa afisa elimu kata, na mwisho kwa afisa elimu wa manispaa. Nimeona mengi ya namna hii yakiishia kwa mwalimu wa darasa.

(Na kwa kuwa tuko kwenye masweta: sijawahi kuelewa ni nani aliyeamua kwamba mtoto wa Dar es Salaam avae sweta mwezi Februari, jasho likimtiririka mpaka kwenye daftari. Kama shule yenu inalidai mwaka mzima, hilo nalo lifikisheni kwenye kikao. Juni na Julai, sawa.)

Usinielewe vibaya nikisema hivyo; sare yenyewe naitetea. Shati jeupe na kaptula ya bluu vimefanya kazi kubwa ya kuficha nani katoka nyumba ya namna gani, na katika jiji letu vina kazi nyingine ambayo waraka hauitaji: ndiyo tiketi ya mwanafunzi kwenye daladala. Konda hamwombi mtoto cheti. Anamtazama shati na kaptula, na hapo ndipo anapokubali nauli nafuu ya mwanafunzi badala ya nauli ya mtu mzima. Mtoto ambaye sare yake imechakaa mpaka haitambuliki hubishana na konda kila asubuhi na huachwa kituoni. Kwa hiyo fedha ya sare ni fedha ya kumfikisha shuleni kwa maana halisi. Mshonee kaptula yenye upindo mpana ili uushushe mwakani, na ukipata nafasi awe na mashati mawili, moja likiwa kwenye kamba na jingine mwilini.

Hata hivyo sare ina mpaka wake, na kuna utafiti wa jirani zetu unaoonyesha mpaka huo vizuri. Magharibi mwa Kenya watafiti waliwagawia sare bure baadhi ya wanafunzi wa shule za msingi waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakawafuatilia pamoja na wale ambao hawakupata. Mwanzoni utoro miongoni mwa waliopewa ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na waliokuwa hawana sare kabisa ndio waliofaidika zaidi. Lakini walipofuatiliwa miaka kadhaa baadaye, waliopewa sare hawakuwa wamefika madarasa ya juu kuliko wenzao. Mimi huusoma utafiti huo hivi: sare inamfikisha mtoto getini, na baada ya hapo inamwachia mwalimu na mzazi.

Sasa nikuombe utazame jambo ambalo huenda limekupita kwa kuwa unaondoka kabla hakujapambazuka. Ukaguzi wa sare hufanyika mstarini asubuhi, mbele ya wenzake. Mtoto aliyetolewa mstarini mara mbili hujifunza haraka kwamba akichelewa kidogo atakuta mstari umekwisha na mwalimu wa zamu ameondoka. Anaanza kujibanza nyuma ya uzio, au kwenye genge la mboga la karibu, mpaka kelele zitulie. Kwa nje anaonekana kwamba ameenda shule, na jioni anarudi na begi lake. Lakini kipindi cha kwanza kimempita, na shule nyingi huweka Kiswahili na Hisabati asubuhi wakati vichwa vya watoto havijachoka. Hata siku anayowahi, nusu ya akili yake iko kwenye kuficha kifua kisicho na nembo. Sisemi kwamba mtoto wako anafanya hivyo; nasema uliza. Muulize mwalimu wa darasa akufungulie daftari la mahudhurio, nawe ukae na mwanao siku ambayo hujachoka umuulize anaingia darasani wakati gani, bila fimbo mkononi na bila sauti ya polisi.

Tuje kwenye kusoma. Msomaji hufanya kazi mbili kwa pamoja: anageuza herufi kuwa sauti, na wakati huohuo anashikilia maana ya maneno yaliyopita mpaka sentensi iishe. Kumbukumbu inayoshikilia maana hiyo ni finyu kwa kila binadamu, na kwa mtoto ni finyu zaidi. Ifikirie kama kiganja kilichochota maji. Anayesoma kwa mtiririko huvuka sentensi kabla maji hayajavuja. Anayedonoa herufi hutumia nguvu zake zote kuunganisha silabi, na akifika kwenye nukta, mwanzo wa sentensi umeshavuja vidoleni. Ukimuuliza amesoma nini anakutazama tu, wewe unadhani hana akili au hasikilizi, kumbe alichokisoma hakikukaa popote. Na sasa fikiria kwamba swali la Sayansi limeandikwa, swali la Jiografia limeandikwa, hata swali la Hisabati la maembe na machungwa limeandikwa. Ndiyo maana alama zote zimeshuka kwa pamoja.

Habari njema ni kwamba Kiswahili kinamhurumia anayejifunza kusoma. Karibu kila herufi ina sauti yake moja isiyobadilika, na silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Penye ugumu ni pawili. Kwanza ni konsonanti zilizoshikana, kama vile *mbw*, *nyw*, *ndw*, na tofauti ya *ng* na *ng'*, ambazo watoto wengi huvuka darasa la pili bila kuzikamata. Pili ni urefu wa maneno yetu. Chukua neno *hawakutuambia*. Kwa anayedonoa ni herufi kumi na tatu, mlima mrefu. Kwa aliyepiga hatua ni silabi saba. Kwa msomaji hodari ni neno moja analolifahamu tangu utotoni, *ambia*, lililotanguliwa na vipande vidogo ambavyo amekutana navyo mara elfu: *ha*, *wa*, *ku*, *tu*. Kumsaidia mtoto wako ni kumvusha kutoka kwenye herufi hadi kwenye vipande, na kwa hilo huhitaji cheti chochote. Mwandikie kwenye kipande cha boksi neno *soma*, kisha mbele yake mbadilishane kuweka *a-na*, *tu-li*, *ha-wa-ta*, *si-ku*, yeye asome kila linalotokea. Kwa watoto wengi huu ni mchezo kuliko somo, na dada yake ataufurahia pia.

Kisha kila siku asome kwa sauti kwa dakika kumi na tano. Umeniambia unarudi saa moja na nusu usiku, na nina hakika ukifika hukai. Kuna mchele wa kesho wa kuchambua na maharage ya kuloweka. Basi mweke pembeni ya ungo. Mikono yako iendelee na mchele na masikio yako yawe kwake. Aanze na kitabu cha darasa la pili kama cha la nne kinamshinda, na wala asichekwe kwa hilo, kwa kuwa kusoma kitabu chepesi kwa mtiririko kunamjenga kuliko kupigwa butwaa na kigumu. Achague aya moja. Dada yake aisome kwanza yeye akifuatisha kwa kidole, kisha aisome mwenyewe, na kesho arudie hiyohiyo kabla ya kuingia mpya. Akikwama, hesabu moyoni hadi tano. Asipofungua, mtajie silabi na aendelee, usimkatize kwa mahubiri. Mwisho muulize maswali mawili tu: kumetokea nini, na unadhani kwa nini. Dakika kumi na tano za kila siku zitamfaa kuliko saa mbili za Jumapili, na hili si wazo langu tu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba mtu husahau kwa kasi kubwa katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kuachia nafasi katikati hupunguza muda wa kujifunza upya. Kinachorudiwa kidogo kila siku hakipati nafasi ya kufutika.

Vitabu visikukwamishe. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni ambavyo mtu anaweza kuvisoma bure kwa simu, ingawa bando ni lako, kwa hiyo uchague kurasa na msizurure. Na Jumamosi moja ambayo biashara imelegea, mpeleke Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967 na ambayo ina sehemu ya watoto. Kutoka Mbagala ni safari, najua, lakini mtoto ambaye hajawahi kuona rafu nzima ya vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya umri wake anastahili kuiona.

Umesema hesabu za siku hizi huzielewi. Mama, mtu anayepika kilo tano za mchele, akajua zitatoa sahani ngapi, akauza huyu kwa deni na yule kwa noti ya elfu kumi, na jioni akajua faida yake bila kalamu, huyo anafahamu hesabu ya darasa la nne kuliko anavyodhani. Kinachokushinda ni namna inavyoandikwa. Basi mpe mtoto daftari la mauzo. Usiku akuulize umeuza sahani ngapi na kwa bei gani, azidishe, atoe fedha ya mkaa, mafuta na mchele, akwambie kilichobaki. Kilo tano zimetoa sahani thelathini: kila kilo imetoa ngapi? Kesho tukipika kilo saba? Akikosea utajua papo hapo, kwa sababu fedha unazo mfukoni. Mimi ningemwamini mtoto anayeendesha daftari hilo kwa mwezi mmoja kuliko aliyekariri meza za kuzidisha kwa woga.

Kwa masomo mengine, kutokujua kwako ni faida usiyoitumia. Mwambie, "Hili mimi sikufundishwa, funga daftari unieleze." Akijaribu kukueleza bila kuchungulia, analazimika kulitafuta jambo kichwani na kulipanga, na kitendo hicho cha kulitafuta ndicho kinacholikaza katika kumbukumbu, zaidi ya kulisoma tena mara tatu akiwa ameliweka mbele ya macho. Pale anapokwama ndipo mahali pa kumuuliza mwalimu kesho. Kazi ya nyumbani aifanye mchana na dada yake kabla hujarudi, ili usiku ubaki wa chakula, kusoma na kulala. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa tisa hadi kumi na mbili. Akiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu usiku awe ameshalala, hata kama tamthilia haijaisha. Lakini usimgeuze binti yako kuwa mwalimu wa nyumba. Yuko kidato cha kwanza na ana mlima wake. Mpe nusu saa ya mdogo wake, si mchana mzima.

Kuhusu shule ya Kiingereza, baba yake hajakosea anachokiona. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili hukutana na ukuta. Muulize binti yako, yuko mbele yake sasa hivi. Ongeza kwamba kwa mfumo mpya wa elimu, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, mwanao atamaliza elimu ya msingi darasa la sita, si la saba kama wewe, kwa hiyo muda wa kujiandaa ni mfupi. Lakini kumhamisha leo ni kumpeleka akajifunze kusoma upya katika lugha ambayo herufi zilezile hutamkwa namna tano tofauti, kabla hajaimudu ile inayosomeka kama inavyotamkwa. Ustadi wa kusoma huhama kutoka lugha moja hadi nyingine. Ukosefu wake nao huhama. Shule nyingi za namna hiyo humpa mtoto jaribio na kumrudisha madarasa nyuma, na ada hurudi kila muhula pamoja na basi la shule na sare ambayo nembo yake iko hadi kwenye soksi, hivyo ugomvi wa sweta utaukuta huko ukiwa umekomaa. Ningesema hivi: kama mtaweza kulipa miaka yote bila mkopo, fikirieni tena Januari ijayo, akiwa tayari anasoma Kiswahili kwa mtiririko. Kwa mkopo, hapana. Mtoto anayetolewa katikati kwa kukosa ada hupoteza shule mbili.

Tuisheni ni hesabu ya kuipigia kalamu: shilingi 500 kwa siku tano ni 2,500, kwa wiki nne ni 10,000. Kabla hujatoa, nenda ukasimame dirishani siku moja. Ukikuta watoto arobaini wakinakili maswali ya mitihani iliyopita ubaoni, kwa mtoto anayedonoa herufi hiyo ni fedha iliyotupwa, na unamnyima muda wa kucheza ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja kuwa haki yake. Ukikuta mwalimu mwenye watoto watano au sita, anayekubali kuwafundisha kusoma kuanzia pale walipo, toa kwa miezi miwili na upime. Fedha ya mwezi wa mwanzo, hata hivyo, ningeitanguliza kwenye viatu vyeusi.

Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hufanyika kila mwaka kuelekea mwisho wa Oktoba, na najua shule itaanza kuwabana mapema. Usimpige kwa ajili ya alama. Hofu hukamata nafasi ileile finyu ya kumbukumbu niliyoieleza juu, na mtoto anayeogopa husoma vibaya zaidi mbele ya anayemwogopa.

Yapo mambo ambayo maneno yangu hayawezi kuyatibu. Kama anasogeza kitabu karibu na pua, anafinya macho kutazama ubao, anaruka mistari au analalamika kichwa kinamuuma akisoma, mpeleke kupimwa macho kabla ya kitu kingine chochote. Hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke ndiyo iliyo karibu nawe, na hospitali ya CCBRT kule Msasani ina huduma hiyo pia. Kama anakuuliza "nini?" kila mara, au amewahi kutokwa usaha masikioni, apimwe masikio. Kama macho na masikio ni mazima, na mmesoma kila siku kwa wiki nane bila mabadiliko, bado anachanganya *b* na *d*, na anasahau leo silabi aliyoijua jana, huenda ana ugumu mahususi wa kusoma ambao hauhusiani na uvivu wala akili. Hapo mwombe mwalimu mkuu akuelekeze kwa afisa wa manispaa anayeshughulikia elimu maalumu. Na kama ameanza kulia asubuhi, kukojoa kitandani wakati alikuwa ameshaacha, au unaona alama mwilini mwake, usisubiri wiki nane. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata yako, au piga simu ya msaada kwa mtoto, namba 116.

Popote utakapokwenda, iwe kwa mwalimu wa darasa wiki hii au kwa mtaalamu baadaye, chukua madaftari yake mawili ya Kiswahili, la mwaka jana na la sasa, na umruhusu mtoto aingie nawe. Atakayekuona ataanza na kurasa hizo, na ataona mwandiko ulianza kuharibika mwezi gani.